Namba za domeni zinapogongana: maswali tunayoulizwa kuhusu kuunganisha VSAN za Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa mafundi wenzangu wa vyumba vya seva huku kusini. Mengine yalikuja kwa simu usiku wa manane, mengine kwa WhatsApp, na moja niliulizwa nikiwa na kipande cha pweza mdomoni. Mifano yangu mingi ni ya swichi za Cisco MDS kwa sababu ndizo ninazozishika kila siku. Wenye swichi za Brocade wana swali lao karibu na mwisho.

VSAN ni nini, na hiyo namba ya domeni inakaa wapi?

VSAN ni mtandao pepe wa hifadhi. Swichi moja ya Fibre Channel, yaani mtandao unaounganisha seva na storeji, unaigawa iwe kama swichi kadhaa zisizojuana: hii ya storeji ya mahesabu, ile ya bakapu, nyingine ya majaribio. Kila VSAN ina orodha yake ya majina, zoni zake (makundi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) na hesabu zake za njia. Kinachoharibika huku hakivuki kwenda kule.

Ndani ya kila VSAN, kila swichi hupewa namba ya domeni, kuanzia 1 hadi 239. Namba hiyo ndiyo mwanzo wa anuani ya kila kifaa kilichochomekwa kwenye swichi hiyo. Anuani yenyewe, FCID, ina biti 24: nane za kwanza ni domeni, nane za kati ni eneo, nane za mwisho ni poti. Ukiona 0x010200, ujue kifaa kipo kwenye swichi yenye domeni 1. Kumbuka anuani huandikwa kwa heksa, yaani hesabu ya msingi wa 16. Domeni 10 kwenye daftari lako itaonekana 0x0a kwenye skrini, na 0x10 ni domeni 16. Nimeshaona watu wazima wakibishana nusu saa kwa jambo hili.

Usichanganye FCID na WWN. WWN ni jina la kuzaliwa, kifaa hutoka nalo kiwandani. FCID ni anuani ya mahali kinapoishi, na kikihama nayo hubadilika.

Kwa nini namba zigongane wakati kila swichi iko mji wake?

Chukua masanduku ya posta. Lindi kuna S.L.P. 10 na Mtwara kuna S.L.P. 10, na hakuna barua inayopotea, kwa sababu bahasha imeandikwa na jina la mji. FCID ni bahasha yenye namba ya sanduku peke yake, mji haumo. Maadamu barua zinazunguka mjini mwao hakuna shida. Siku ukitaka S.L.P. 10 ya Lindi imwandikie S.L.P. 10 ya Mtwara, karani anakutazama tu.

Kuhusu chanzo, mara nyingi ni uvivu wetu. Mkandarasi anafunga swichi ya kwanza Mtwara, anahifadhi faili la mipangilio, wiki inayofuata anafika Lindi na kubandika faili lile lile. Anabadilisha jina la swichi na anuani ya IP ya usimamizi, basi. Domeni 1 inabaki domeni 1. Kila kitu kinafanya kazi miaka mitatu, mpaka bosi aseme anataka bakapu za Lindi ziandikwe kwenye mashine ya tepu iliyoko Mtwara.

Nikichomeka tu linki kati ya swichi mbili zenye domeni moja kitatokea nini?

Kama linki inabeba VSAN ile ile pande zote na orodha za domeni zinagongana, swichi zitaitenga linki kwa VSAN hiyo. Taa ya poti inawaka kijani, lakini VSAN imeandikwa imetengwa. Hiyo ni salama yako, usiilaani.

Hatari ipo pale mtu anapowasha mpangilio wa kujipanga upya kwenyewe, ambao kwa kawaida umezimwa. Hapo swichi hutuma amri ya kuvunja na kugawa namba upya mtandao mzima, na kila seva inapoteza diski zake kwa muda. Usiuwashe mchana wa kazi. Na usiuwashe kabisa kuanzia Oktoba hadi msimu wa korosho uishe, minada na malipo ya wakulima yanapokuwa yanategemea hizo seva.

IVR inafanya nini, na NAT inaongeza nini?

IVR ni uelekezaji kati ya VSAN na VSAN. Inakuwezesha kuruhusu kifaa kimoja cha VSAN 20 kizungumze na kifaa kimoja cha VSAN 10, bila kuziunganisha VSAN zenyewe. Swichi inayofanya kazi hiyo inaitwa swichi ya mpakani.

IVR ya kawaida ina sharti zito: namba za domeni zisifanane popote kati ya VSAN zote zinazohusika. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na hapo ndipo NAT inapoingia. Ilikuja na SAN-OS 2.1, programu ya swichi hizi za MDS, na kazi yake ni kubadilisha anuani fremu (kifurushi cha data) inapovuka mpaka.

Tuchukue seva ya Lindi, VSAN 20, FCID 0x010200. Mashine ya tepu iko Mtwara, VSAN 10, FCID 0x010500. Zote mbili zinaanza na 01. Ukiwasha NAT, swichi ya mpakani Lindi inatangaza ndani ya VSAN 20 kwamba kuna swichi nyingine hapa, domeni 0x61. Swichi hiyo haipo, ni domeni pepe inayosimama badala ya VSAN 10 yote. Tepu inaorodheshwa Lindi kwa anuani ya kuazima, tuseme 0x61a3c0. Mtwara nako seva ya Lindi inaorodheshwa kwa anuani ya kuazima, tuseme 0x4f1120.

Seva inatuma fremu: kutoka 0x010200 kwenda 0x61a3c0. Inapofika ndani ya VSAN 10, kichwa cha fremu kinasomeka kutoka 0x4f1120 kwenda 0x010500. Jibu likirudi, kinyume chake. Seva haijui kwamba tepu yake iko kilomita mia na ushei. Kwa kuwa kichwa cha fremu kimebadilika, CRC, namba ya kuhakiki kwamba fremu haijaharibika, nayo lazima ihesabiwe upya, na hiyo hufanywa na chipu zenyewe. WWN haiguswi. Kwa hiyo ruhusa za LUN (diski ambazo storeji inazigawia seva) ulizoweka kwenye storeji kwa WWN zinabaki kama zilivyo, na kama hukuziweka, NAT haitakuwekea.

Kuna jambo moja wanaouza vifaa hawalitaji sana. Baadhi ya ujumbe wa Fibre Channel hubeba FCID tumboni, mbali na kichwa. ADISC ni mfano, RRQ pia. IVR inautambua ujumbe wa kawaida wa aina hii na kuurekebisha. Lakini kifaa chenye ujumbe wake wa pekee, kilichoficha anuani ndani ya data, NAT haitaugusa, na kifaa hicho hakitafanya kazi. Jaribu kwanza na seva moja isiyo na maana.

Si bora nibadilishe tu namba ya domeni yakaisha?

Ukiweza, badilisha. Nasema hivyo mimi ninayelipwa kufunga NAT. Mtandao ambao unaweza kusoma FCID na kujua mara moja kifaa kipo wapi ni rahisi kuutibu kuliko mtandao wenye anuani za kuazima. Kama chumba kipya bado hakijaanza kazi, au una swichi moja na seva nne zinazoweza kuzimwa Jumapili usiku, toa namba mpya na usahau.

Ila ujue unachogusa. Ukibadilisha domeni, FCID za vifaa vyote vya swichi ile kwenye VSAN ile hubadilika. Linux, Windows na VMware hazijali, zinawatafuta wenzao kwa WWN. AIX, mfumo wa seva za IBM, ni habari nyingine: bila kuwasha `dyntrk` kwenye adapta, inashikilia FCID ya zamani na diski zinapotea. HP-UX, mfumo wa seva za HP, ya toleo la 11i v2 na kabla yake imeingiza FCID ndani ya njia ya kifaa, hivyo ukibadilisha domeni, mafaili ya vifaa yanakuwa mapya na vikundi vya diski lazima viingizwe upya. 11i v3 ina namna mpya inayofuata WWN, lakini mtu aliyebaki na majina ya zamani ataumia vile vile.

Kwa hiyo swali langu kwa anayenipigia ni moja: una mashine gani humo ndani? Akinijibu AIX ya zamani ya mahesabu isiyozimwa tangu ifungwe, namwambia twende na NAT.

Nimewasha NAT lakini linki ya Lindi na Mtwara bado imetengwa. Kwa nini?

Hili lilinikuta mwenyewe, nalieleza kirefu ili lisikukute.

Tulikuwa na VSAN 10 Mtwara, VSAN 20 Lindi, na katikati VSAN 99 ya kupitia, iliyopanda kwenye linki ya FCIP, yaani Fibre Channel inayobebwa juu ya mtandao wa IP. VSAN ya kupitia ni kama njia panda ya Mingoyo: hakuna anayeishi pale kwa safari hii, lakini wa Mtwara, wa Lindi na wa Masasi wote wanapita. Niliwasha IVR pande zote, nikawasha NAT, nikaandika zoni. Hakuna kilichovuka.

Nikakaa chumbani kuanzia saa mbili usiku. Kiyoyozi kimoja kilikuwa kimekufa na cha pili kinatoa maji, nikaweka ndoo. Nikafuta zoni na kuziandika upya. Nikalaumu NAT, nikalaumu mtoa huduma wa faiba, nikampigia simu mwenzangu wa Lindi achomoe na kuchomeka kebo mara tatu. Saa saba ndipo nikaandika `show fcdomain domain-list vsan 99` pande zote mbili. Mtwara: domeni 1. Lindi: domeni 1.

NAT inakuondolea sharti la namba kutofanana kati ya VSAN na VSAN. Haikuondolei sharti la namba kutofanana ndani ya VSAN moja. VSAN 99 iko Mtwara na iko Lindi, ni mtandao mmoja, na swichi mbili ndani yake haziwezi kuwa na domeni moja. Faili la mkandarasi lilikuwa limefunga domeni 1 kwa kila VSAN, hata ile niliyoiongeza jioni ile kwa kunakili mistari yake. Nikaweka domeni 41 Mtwara na 42 Lindi kwa VSAN 99 peke yake, nikaianzisha upya VSAN hiyo. Haikuwa na mtu ndani, hivyo hakuna aliyeumia. Dakika mbili baadaye tepu ikaonekana Lindi.

Mwenzangu hajanisamehe zile safari za kebo.

Zoni zinaandikwaje?

Zoni za IVR ni tofauti na zoni za kawaida. Kila mwanachama unamtaja kwa WWN ya poti yake pamoja na namba ya VSAN anakoishi. Ukishaiwasha seti ya zoni, swichi zenyewe zinaongeza zoni ndani ya kila VSAN husika, majina yakianza na `IVRZ_`. Usizifute kwa mkono eti hukuziandika wewe.

Kama VSAN mojawapo haina seti yoyote ya zoni iliyo hai, itabidi uwashe kwa kulazimisha. Kabla ya hapo hakikisha zoni ya msingi, ile ya vifaa visivyo kwenye zoni yoyote, imewekwa kukataa.

Na uwe mchoyo. Ingiza kifaa kimoja kwa kimoja. Nimewahi kukuta zoni moja yenye seva kumi na tisa na tepu mbili, na mwenyewe akishangaa kwa nini seva zote zinatikisika tepu moja ikiwashwa upya.

FCID za kuazima zinabadilika swichi ikizimika?

Zinaweza kubadilika usipozifunga. Umeme wetu mnaujua. Kama upande wowote una AIX au HP-UX za aina niliyotaja, funga domeni pepe na FCID kwa `ivr fcdomain database`, ukitaja VSAN ya kuonekana, VSAN ya asili, WWN na anuani unayoitaka. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni ya mara moja.

Kingine, domeni pepe nayo inakula namba. Ukitenga 41 hadi 49 kwa swichi za kweli, tenga pia fungu lingine kwa ajili ya pepe, la sivyo siku unaongeza swichi ya kweli utakuta namba yake imeshachukuliwa na kivuli.

Kwetu hata namba za VSAN zinafanana. Wote tuna VSAN 10.

Basi kuna AFID, namba ya mtandao unaojitegemea. Mtwara iwe AFID 1, Lindi AFID 2, na IVR itajua VSAN 10 ya AFID 1 si VSAN 10 ya AFID 2. Linki ya katikati isibebe VSAN 10 kabisa, ibebe ile ya kupitia tu, la sivyo zitajaribu kuungana. Na hapo uandike kwa mkono kila swichi na AFID yake.

Umbali wa Lindi na Mtwara hauleti shida?

Kwa barabara ni kama kilomita 110. Mwanga ndani ya faiba hutumia kama mikrosekunde 5 kwa kilomita, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 1 na kidogo, bado vifaa vya katikati. Kwa bakapu na kwa kunakili data bila kusubiriana, hiyo si kitu. Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita 560 hivi, ni karibu milisekunde 6 kabla hujaongeza chochote. Hapo kuandika diski pande mbili kwa wakati mmoja kunaanza kuuma.

NAT yenyewe haiongezi ucheleweshaji wa kukufanya ulalamike. Linki inayopotezapoteza pakiti ndiyo inayoua FCIP. Mpime mtoa huduma wako usiku na mchana kabla ya kusaini.

Tuna fabriki A na fabriki B. Niziunganishe kwa IVR ili seva ipate njia zaidi?

Hapana.

Fabriki ni mtandao mzima wa swichi zilizoungana, na A na B zilitenganishwa ili kosa moja lisiangushe zote. Ukiweka IVR kati yake, umetoboa mlango kwenye ukuta wa kuzuia moto. Mtwara A izungumze na Lindi A, Mtwara B na Lindi B. Kila fabriki na swichi zake za mpakani, na kama mfuko unaruhusu, mbili kila upande.

Nabadilisha mipangilio ya IVR, swichi inaniambia kuna mtu amefunga.

Kuna fundi alianza mabadiliko hakuandika `ivr commit`. Usambazaji ukiwa umewashwa, mabadiliko ya mtu mmoja yanafunga mlango kwa swichi zote mpaka ayathibitishe au ayaache. Mpigie kwanza. Akiwa hapatikani, `clear ivr session` inafungua, na alichokuwa amekiandika kinapotea. Mara nyingi huyo fundi ni wewe mwenyewe wa jana.

Sisi tuna Brocade. Haya yanatuhusu?

Tatizo ni lile lile, majina ni tofauti. Kwao unatumia uelekezaji wa FC kwa FC: poti ya ruta inayotazama fabriki ni EX_Port, na fabriki mbili haziungani hata kidogo. Ruta huonyesha domeni pepe na vifaa vya kuwakilisha, kwa hiyo kugongana kwa domeni kati ya fabriki hakukusumbui tangu mwanzo. Kinachosumbua ni zoni: jina lazima lianze na `LSAN_`, na zoni iandikwe kwenye fabriki zote mbili zikiwa na WWN zile zile. Ukiandika upande mmoja utasubiri mpaka kiama.

Kuchanganya Cisco upande mmoja na Brocade upande mwingine kunawezekana kwa namna fulani, lakini kwa bei ya usumbufu ule, nunua swichi ndogo ya pili ya aina moja.

Nimefanya yote na haivuki. Nianzie wapi?

Anza chini. `show fcdomain domain-list` kwa VSAN ya kupitia, swichi zote mbili, na unajua kwa nini nimeiweka ya kwanza. Kisha `show ivr vsan-topology` uone kama kila swichi ya mpakani imeorodheshwa na topolojia iko hai. Kisha `show ivr zoneset active`. Mwisho `show fcns database` kwenye VSAN ya seva: kama WWN ya tepu ipo pale na FCID yake inaanza na domeni pepe, IVR imemaliza kazi yake, na shida iko kwenye ruhusa za kifaa au kwenye seva. Kama haipo, soma WWN uliyoandika kwenye zoni tarakimu moja moja, na mtu mwingine akusomee iliyobandikwa kwenye kifaa chenyewe. Hewa ya chumvi ya huku inafuta zile karatasi, hivyo aje na tochi.